Aliyeatamia Mayai ya Mwari

Asubuhi ile shangazi yangu alikuwa ananoa koleo, mimi nakung'uta magunia. Kazi yake ni kukwangua mbolea ya ndege kwenye kisiwa kidogo kilicho katikati ya ziwa, ambako mwari hutaga kwa mamia. Ndipo akaja jirani tunayemwita Kiberiti kwa hasira zake, na watu nyuma yake.

"Mwari wote wamehama jana, mayai wameyaacha," akasema. "Anayeingia kule ni wewe peke yako. Wamekimbia uchawi wako. Kesho na wewe uhame."

"Ningekuwa na uwezo wa kufukuza viumbe, baba, ningeanza na wewe."

Watu wakacheka, lakini hakuna aliyeondoka.

"Sihami," shangazi akasema. "Nakwenda kuona kilichowatoa."

Nikamsindikiza. Nisijisifu: nilikwenda kwa kuona haya, si kwa ushujaa.

Kisiwani kulikuwa na manyunyu na upepo wa baridi. Hapakuwa na ndege hata mmoja. Wakwanguaji wana desturi yao: kabla ya kuanza, hugusa yai kwa mgongo wa mkono. Likiwa na joto, mama yuko karibu, nao hupisha. Likiwa baridi, limetelekezwa.

Shangazi akagusa la kwanza. Akagusa la pili. Akanitazama.

"Yana joto," akanong'ona.

Manyunyu yalikuwa yametulowesha chapachapa. Mayai yalikuwa makavu.

"Shangazi, twende zetu."

"Nenda wewe."

Nilitaka kusali, maneno yakanipotea. Mungu anisamehe.

Kule mbali, majani ya kiota kimoja yakanyanyuka, kama godoro mtu anapoinuka. Mayai yake yakaanza kulowa. Kiota cha pili kikabonyea. Kikanyanyuka. Kikabonyea cha karibu zaidi. Kitu kinakuja. Taratibu. Bila sauti.

Shangazi akasimika koleo chini.

"Kwa jina la Mola wangu! Ndege wamekuogopa, ni haki yao. Mimi nimevumilia midomo ya watu, nitakuogopa wewe? Hapa si kwako. Toka!"

Kiota cha miguuni petu kikabonyea. Yai likapasuka.

Hakurudi nyuma hata unyayo. Tulisimama hivyohivyo mpaka mayai yote yakalowa, yakapoa.

Juma lile mwari walirudi. Kiberiti sasa hupita mlangoni kwetu akitazama chini, na shangazi humwamkia kwa sauti kubwa, makusudi. Hajahama hadi leo.

Ila kuku wa shangazi wote wamehamia kwa jirani, hata uwamwagie mahindi hawarudi. Na mchana mmoja nilikuta godoro lake limebonyea upande wa ukutani, kitandani hamna mtu. Nikamwita kwa kunong'ona. Akaja akifuta mikono, akatazama, akavua kandambili.

"Lala ukitaka," akaliambia. "Lakini kitanda ni changu."

Akajitupa katikati.

Lile bonde likasogea zaidi ukutani, kumpisha.