Presha ya Nani?

Mzee Wembe alikuwa kinyozi. Jina hilo alipewa na wateja wake, na si kwa sababu ya kunyoa tu. Ulimi wake nao ulikuwa unakata.

Mikono ilipoanza kutetemeka, alifunga banda lake la kunyolea. Kisha mke wake akafariki. Binti yao wa pekee alifanya kazi mji wa mbali. Basi Mzee Wembe akabaki na chumba, kitanda, meza na viti viwili. Kila asubuhi alifagia chumba ambacho hakuna aliyekichafua. Siku nyingine jua lilizama hajaongea na mtu.

Daktari alipomkuta na presha ya juu na kumpa dawa, binti alimletea mashine ya kupimia nyumbani.

"Baba, pima kila siku," alisema. "Ukienda kliniki, ichukue. Inatunza namba zote, daktari ataziona."

Siku moja jirani yake, muoka mikate, alipita kurudisha ngazi. Akaiona mashine mezani.

"Hebu nipime na mimi, bwana."

Akapimwa. Kesho yake akaja na fundi viatu. Siku ya tatu wakaja na mwenye duka. Haikupita muda, kila jioni chumba kilijaa watu. Mzee Wembe akarudi kuwa kinyozi: anafunga mkanda mkononi, anapiga soga, anasoma namba kwa sauti.

"Mwenye duka, mia moja kumi na saba! Wewe bado kijana, oa tena!"

Watu walicheka.

"Muoka mikate, mia moja themanini na mbili! Unaoka mikate au unajioka mwenyewe?"

Walicheka zaidi. Muoka mikate naye alicheka, lakini aliondoka mapema.

"Mashine yako imechoka," alisema mlangoni.

Mzee Wembe alijipima pia, katikati ya maneno, mguu mmoja juu ya mwingine.

Siku ya kliniki ikafika. Wagonjwa walikuwa wengi na daktari alikuwa na haraka. Alibonyeza kitufe cha kumbukumbu, mashine ikatoa wastani.

"Mia moja hamsini na tatu. Mzee, dawa yako haitoshi. Nitaiongeza."

Mzee Wembe alijua namba zile si zake peke yake. Akisema majirani wanapimia hapo, ataambiwa wasipime. Na wasipopima, watakuja kwake kufanya nini? Akachukua dawa, akashukuru.

Siku chache baadaye, aliinuka kitini mchana, chumba kikazunguka. Akaanguka. Paji la uso likagonga ukingo wa meza. Alilala sakafuni akiwasikia watu wakipita nje, na sauti haikutoka. Aliogopa sana. Aliogopa kufa, na aliogopa zaidi kwamba itachukua muda mrefu mtu kujua.

Nesi wa nyumba ya pili alikuwa anatoka kazini. Aliona mlango wazi, akabisha, akaingia.

"Baba! Usiinuke. Tulia hapo hapo."

Alifunga jeraha, kisha akampima. Namba ya juu ilikuwa tisini na mbili tu. Nesi akampigia daktari simu. Daktari akasema asinywe dawa nyingine kwanza, na asubuhi aletwe kliniki.

Kisha nesi akamkalisha kitini, akatazama kumbukumbu ya mashine, namba moja moja. Mia moja ishirini na nane. Mia moja themanini na mbili. Mia moja kumi na saba. Mia moja themanini na tano.

"Baba," alisema polepole, "huu ni moyo wa watu wangapi?"

Mzee Wembe alitazama sakafu. "Wa mtaa mzima, mwanangu."

Nesi hakumgombeza. Alivuta kiti.

"Mashine inajua tu kwamba mkono umefungwa mkanda. Haijui ni mkono wa nani. Ukichanganya namba za watu, wastani unaopata si wa mtu yeyote. Wewe umeonekana mgonjwa kuliko ulivyo, ukapewa dawa nyingi. Na yupo mtu hapa mwenye mia moja themanini na kitu, tena mara kwa mara. Huyo amefichwa na namba nzuri za wenzake."

"Namjua. Ni yule..."

"Usinitajie, baba. Namba ya mtu ni siri yake. Kamwambie yeye mwenyewe, mkiwa wawili."

Mzee Wembe alikumbuka kile kicheko. Aliona aibu.

"Sasa tuzifute zote?" aliuliza.

"Kwanza andika pembeni zile unazojua kwa hakika ni zako. Usizozijua, usibahatishe."

Akamwonyesha namna ya kupima. Saa zile zile, asubuhi kabla ya dawa, na jioni. Kwanza ukae dakika tano, mgongo umeegemea, miguu yote chini, mkono juu ya meza. Kisha uandike tarehe, saa na namba kama ilivyotoka, iwe nzuri au mbaya.

"Na usiongee wakati wa kupima," nesi aliongeza. "Kuongea kunapandisha presha."

"Mwanangu, hapo umeniweza."

Asubuhi daktari alimrudishia kipimo chake cha zamani cha dawa.

"Na mimi nimekosea," daktari alisema. "Niliuangalia wastani, sikuuliza umetoka wapi."

Mzee Wembe aliwaambia majirani kwamba mashine ni ya mtu mmoja, wao wapimwe kliniki. Walielewa. Walimpa pole, wakaenda zao. Jioni iliyofuata hakuja mtu. Wala iliyofuata.

Alikwenda kwa muoka mikate mapema, kabla ya wateja. Alimkuta peke yake, anakanda unga.

"Ndugu yangu, siku ile nilikucheka mbele za watu. Nisamehe. Ile namba haikuwa mzaha, na ilijirudia. Mashine ni nzima. Nenda kliniki."

Muoka mikate aliendelea kukanda.

"Baba yangu aliondoka hivyo hivyo, ghafla," alisema mwishowe. "Nilijua, Wembe. Nilikuwa naogopa kuambiwa."

Akageukia tanuri lake. Mzee Wembe akarudi nyumbani.

Siku zikapita. Kizunguzungu kiliisha. Kilichomshinda ni zile dakika tano za kukaa kimya. Alisikia bomba likidondosha maji na watoto wa jirani wakiitwa kula. Jioni moja alishika kalamu, na wazo likamjia: akiandika mia moja sabini, binti yake atapanda basi aje. Atamwona. Aliitazama karatasi kwa muda mrefu. Kisha akaandika namba iliyotoka, mia moja ishirini na sita, akampigia simu.

"Presha yangu nzuri, mwanangu," alisema. "Ila ninakaa peke yangu mno. Hilo mashine haipimi, kwa hiyo nakwambia mimi."

"Nitaomba ruhusa kazini, baba. Nitakuja."

Alikuwa bado ameshika simu mlango ulipobishwa. Alikuwa muoka mikate, mikono mitupu.

"Nimeanza dawa," alisema. "Daktari amesema nimewahi."

"Vizuri sana. Lakini mashine siitoi, ndugu yangu. Nimekatazwa."

"Nani kataja mashine?"

"Basi umefuata nini?"

"Nimekuja kwako," alisema muoka mikate, akavuta kiti cha pili, akakaa.