Picha Waliyoitaka

Mpaka leo Kornel akipita stendi ya mabasi ya Tabora, huangalia viatu vyake. Hapo ndipo Nyamizi, binti wa Sikonge aliyevaa gauni la kitenge cha kijani, alipommwagia ndoo nzima ya asali baada ya mkono kumfa ganzi ghafla.

"Sasa dada, hivi viatu nivivae au nivilambe?"

Nyamizi alicheka hadi watu wakageuka. Hakumwambia kwamba asali ile ndiyo ilikuwa nauli yake ya kliniki Mwanza. Walipeana namba, na jioni akampigia simu kuulizia hali ya viatu, na simu hiyo ikazaa nyingine nyingi.

Walipopendana hakumficha kitu. Alikuwa na MS, ugonjwa unaofanya kinga ya mwili ishambulie mishipa ya fahamu. Wiki hii anapanda ngazi mbilimbili, wiki ijayo miguu haimsikii. Alikuwa mwaka wa mwisho chuo cha ualimu, na mama yake alikwishauza kila kitu kwa matibabu. Bila msaada, masomo yangeishia hapo.

Kikundi cha wahisani wa mjini kikaahidi kuwasaidia wanafunzi wenye ugonjwa huo na familia zao. Mwenyekiti wake, Bi Sikuzani, alimkodi Kornel, mpiga picha wa mtaa wa Gongoni, na kumwagiza ampige picha Nyamizi akiwa kwenye kiti cha magurudumu ili wachangiaji wamwonee huruma. Na Kornel, mwanamume mzima anayejua mpenzi wake hana kiti hicho, akaenda kukiazima!

"Kaa dakika moja tu, mpenzi. Ni kwa ajili ya karo."

"Leo nimekuja kwa miguu yangu, Kornel. Siku kama hizi ninazo chache. Hii hamnipokonyi."

Akaondoka, na simu za Kornel hakuzipokea tena. Bi Sikuzani akalikata jina la Nyamizi kwenye orodha ya msaada, akisema aliwahi kumwona akicheza harusini, kwa hiyo ni tapeli. Inaudhi sana. Mgonjwa hasaidiwi mpaka aonekane ameanguka, na siku akiinuka anaambiwa anadanganya.

Kornel alirudisha kiti, akaingia kwenye kikao cha wahisani bila kualikwa. Akawaeleza kwamba ugonjwa huo huja na kuondoka, na kwamba uongo wa kiti ulikuwa wake mwenyewe na wa mwenyekiti. Mama Bachubai, mwenye duka la vitenge, akamgeukia Bi Sikuzani.

"Nani alikuambia mimi natoa ili nione picha? Nilitoa binti asome."

Karo ikapelekwa chuoni siku hiyohiyo.

Kornel alimkuta Nyamizi chumbani kwake, amelala mkekani. Miguu ilikuwa imegoma tangu alfajiri.

"Kamera iko wapi?" Nyamizi aliuliza. "Leo ndiyo picha mliyoitaka."

"Nimeiacha. Nilikukosea, Nyamizi. Nilitaka wakuonee huruma, nikasahau kukuheshimu. Karo imelipwa. Hata ukinifukuza, imelipwa."

Nyamizi bado alikuwa na hasira. Lakini akajivuta taratibu kwa viwiko, akamwachia nafasi mkekani.

"Kaa," alisema. "Na siyo dakika moja."