Kichwa na Kipande cha Mbingu

Seini alikuwa bado hajajua kupikia mtu mmoja. Kila jioni mihogo ilibaki sufuriani, na hapakuwa na wa kumwambia, "Ongeza kidogo." Mumewe, Tevita, alikuwa amefariki. Ndugu za Seini wote walikuwa kwao, visiwani Tonga, na yeye alikuwa Australia, katika mji wa Griffith, peke yake kama kidole.

Alikuwa karibu kurudi kwao moja kwa moja. Lakini kwanza alitaka kuona mahali pamoja tu. Alikuwa na picha ya Tevita kijana, aliyomtumia Tonga alipokuja huku kuchuma machungwa kabla hajamleta mkewe. Tevita anacheka. Seini hakuwahi kumuuliza ni wapi pale. Sasa angemuuliza nani?

Jirani yake, Noelene, alimkuta amenuna.

"Kulikoni, shoga?"

"Wamenifutia swali langu! Lile kundi la kwenye simu, la kutambua picha zilipopigwa. Watu gani wale, hawana hata huruma!"

Noelene alikuwa mwanachama wa kundi hilo kwa miaka mingi. Akaichukua simu. Aliona kichwa cha Tevita na kipande cha mbingu. Chini yake: "Hapa ni wapi?"

"Salaala! Watu wapatambue mahali kwa kutazama pua ya Tevita?"

Seini akacheka, kisha machozi yakamlenga. "Yuko kifua wazi. Kwetu ni aibu, tena ni marehemu. Nikaikata picha ili nimsitiri."

"Msitiri yeye, usisitiri mahali. Funika kifua tu. Picha iache nzima. Halafu useme umeipata wapi, ni ya miaka gani, na wewe umeshatafuta wapi, watu wasirudie kazi bure. Useme pia huyu ni nani, na kwa nini unapatafuta."

"Hayo si ni mambo yangu ya ndani?"

"Mwenzangu, wapo wanaume wanaotafuta nyumba ya mke aliyewakimbia, wakampige. Ndiyo maana kundi halitafuti makazi ya mtu aliye hai. Wangejuaje kwamba wewe ni mjane?"

 Hilo Seini hakuwa amelifikiria hata kidogo.

Akaandika upya, polepole, Noelene akiwa kando yake. Kesho yake mzee mmoja akajibu: "Tangi hilo la maji nyuma yake nalijua. Liko kando ya reli ya zamani, magharibi ya mji." Akaweka na picha yake mwenyewe. Wakalinganisha. Tangi lilikuwa lilelile, limebonyea palepale.

Jumamosi Noelene akampeleka kwa gari. Tangi lilikuwa limeshika kutu. Hapakuwa na nyumba wala mti. Upepo tu, na vumbi jekundu hadi macho yanapoishia.

Katika barua zake za wakati ule, Tevita aliandika kwamba wako wengi, wanaimba kila jioni, asimhofie. Seini akageuka huku na huku. Wengi gani, mahali kama hapa?

"Kumbe nawe ulikuwa mpweke hivi," akamwambia, "na kwenye picha ulikuwa unacheka ili mimi nisihofu."

Akaketi chini, akalia kwa sauti. Noelene akashuka garini, akaja kuketi naye vumbini.