Pedali Iliyozama

"Nyigu, wazuie kabla hawajaingia kwenye mitambo ya maji. Kwa gharama yoyote."

"Nimekupata, Mkuu," akajibu redioni.

Nyigu akakanyaga mafuta. Subaru ikanguruma ikiufuata mteremko.

Mbele yake, Land Cruiser nyeusi ilikuwa ikishuka mbio. Ndani yake mlikuwa na wageni wawili na chupa ya sumu inayotosha kuua mji mzima kwa maji ya bombani. Alikuwa amewawinda kwa muda mrefu, na leo walikuwa karibu kuingia mkononi.

Kona ikaja. Akakanyaga breki.

Pedali ikazama.

Gari likapunguza mwendo shingo upande. Tairi zikalia, ubavu ukakwaruza ukingo wa chuma. Nje ya ukingo ule hapakuwa na kitu, ila mapaa ya nyumba, mbali kule chini.

Watu hudhani majasusi hawaogopi. Wanaogopa, tena sana, ila wamefundishwa kuogopa kimyakimya. Asubuhi aliikuta pedali laini kidogo, akapuuza. Pedi mpya zilifungwa jana na fundi wa idara, na fundi huyo ndiye mumewe. Nani atamkagua mumewe?

Akainyakua redio ya Motorola. "Mkuu, niunganishe na karakana. Breki hazishiki."

Sauti ya mumewe ikaingia. "Nakusikia."

"Pedali inazama mpaka chini."

"Pedi mpya hizo. Zinahitaji kilomita kadhaa zizoeane na diski."

"Usinitanie, Baba Pacha. Pedi kutozoeana na diski hakuzamishi pedali. Ulifungua nini kingine?"

"Sikufungua kitu."

Alijibu haraka mno. Katika ndoa yao yote, mwanamume huyu hakuwahi kujibu haraka hata alipoulizwa chumvi iko wapi.

Nyigu akaingiza gia ya pili. Injini ikapiga kelele, mwendo ukapungua, kisha mteremko ukaizidi nguvu. Aliwaza wanawe pacha wakirudi kutoka shule na kumkuta Mkuu ameketi sebuleni, hajui aanzie wapi.

"Sikiliza," akasema. "Nikipampu pedali na kama kuna mahali panavuja, nitamwaga mafuta yote ya breki. Nisipopampu, nafika chini maiti. Ulifungua mpira wa kupitisha mafuta ya breki au hukufungua?"

Mkuu akaingilia. "Fundi, mficha uchi hazai. Sema."

"Niliufungua," mumewe akasema. "Nilitaka nafasi nyuma ya tairi, nifunge kifaa."

"Kifaa gani?"

"Cha kufuatilia."

"Kumfuatilia nani?"

Redio ikakoroma.

"Wewe. Unatoka, unarudi, husemi ulikuwa wapi. Nikaingiwa na wivu."

Jamani. Mtu yuko mlangoni mwa kaburi, ndipo anaambiwa haya, tena bosi wake anasikiliza.

"Ulinioa ukijua kazi yangu ni siri," akasema. Kona nyingine ilikuwa inakuja. "Panavuja au hapavuji?"

"Hapavuji. Nilikaza vizuri. Ila uliingia upepo kwenye mafuta ya breki, na sikuutoa, maana nilisikia unafungua geti la nyumbani. Pampu harakaharaka, pedali itapanda. Niamini, mama."

Niamini! Aliliona neno lile kubwa mno kwa mdomo ule. Lakini hakuwa na mwingine wa kumwamini.

Akapampu. Hakuna kitu. Akapampu tena, machozi yakimtoka, akimwomba Mungu na kumtukana mumewe kwa pumzi moja. Pedali ikaanza kupanda. Ikawa ngumu chini ya soli. Kona akaikata.

Lango la mitambo ya maji likatokea. Land Cruiser ilikuwa imesimama, ubavu mmoja ukigusa ukuta, na mlango wa dereva ulikuwa unafunguka. Nyigu akapampu tena, akavuta breki ya mkono, akakata usukani. Subaru ikateleza ubavuubavu, ikaubana mlango ule kwa kishindo. Upande huu gari, upande ule ukuta. Wageni wakabaki ndani.

Akashuka na bastola yake ya Glock mbele. Mtutu ulitulia kwenye kioo cha dereva.

"Chupa juu ya dashibodi. Taratibu."

Wakaiweka. Walinzi wa lango wakaja na pingu.

Redio ikaita kutoka kitini, akaichukua. Alikuwa mumewe, akivuta makamasi. "Mama Pacha? Uko hai?"

"Niko hai."

"Nakuja kukuchukua. Tukifika nyumbani nitakueleza yote."

"Njoo uchukue gari," akasema. "Mimi usinifuate."

Akaiweka redio juu ya boneti. Akatia mikono mifukoni mwa koti, akaondoka kwa miguu, taratibu, bila kugeuka nyuma.