Mshumaa wa Mlango wa Nyuma

Habari ile iliingia nyumbani pamoja na zipu iliyokatika. Mama mmoja alileta sketi yake irekebishwe, akakaa kando ya cherehani, na kabla zipu mbovu haijatoka akawa ameshamwaga yote. Kwamba pale kituo cha vijana, lile jengo la zamani wanakofundishwa biashara, siku ya mauzo huja mteja ambaye hakuna ajuaye katoka wapi. Hanunui ovyo. Humchagua binti mmoja tu, humpigia simu jioni kwa maneno matamu, kisha siku nyingine ya mauzo humwita mlango wa nyuma. Mwaka jana alikuwa binti wa sabuni. Walikuta aproni yake imetundikwa kwenye kitasa, yeye mwenyewe hakuonekana tena.

"Ulimjua huyo wa sabuni?" aliuliza mshonaji, pini zikiwa mdomoni.

"Mimi? Nilisikia tu, mama. Lakini nilisikia kwa watu wazima."

Mshonaji alikuwa na mtoto mmoja wa kike, na mtoto huyo alisoma kituo hichohicho. Walimwita Kidoti kwa ajili ya alama nyeusi shavuni. Aliporudi jioni, mikono ikinuka nta, mama yake hakumngoja hata avue viatu, akamweleza yote.

"Mama na wewe! Binti wa sabuni alipata kazi mji mwingine. Mwalimu alituambia."

"Mwalimu alimwona akipanda basi?"

Kidoti alicheka. Hata hivyo habari ilimganda kama nta kwenye kucha: unaikwangua, unadhani imetoka, kesho unaikuta palepale.

Pale kituoni hakuna kukariri. Kila kijana huchagua bidhaa yake, huipangia bajeti, huitengeneza kwa mikono yake, kisha huiuza kwa watu wa kweli wenye maneno ya kweli. Mwingine viatu, mwingine jemu, mwingine mifuko ya karatasi. Kidoti alichagua mishumaa. Aliyeyusha nta kwenye sufuria, akaimimina kwenye kalibu, akajaribu utambi mwembamba na mnene mpaka akajua kwa kutazama tu mshumaa upi utawaka vizuri na upi utatoa moshi.

Mwalimu wa Biashara, mtu mfupi mwenye tai ndefu, hakuchoka kuwakumbusha. "Lebo iwe na namba ya simu ya biashara! Sio ya nyumbani. Nunueni laini nyingine, iingizeni kwenye bajeti."

Kidoti aliona laini mpya ni kula pesa ya utambi. Akaandika namba yake mwenyewe, ileile anayopigiwa na mama yake.

"Na muache sampuli milangoni," mwalimu akaendelea. "Mtu aone, anuse, apande ngazi mwenyewe."

Ukumbi ulikuwa ghorofa ya tatu. Wenzake waliwahi mlango mkuu, dirisha la ofisi, ngazi zote. Kidoti alikuwa anasubiri nta ipoe, akafika mwisho. Palibaki mahali pamoja tu, kwenye kona ya korido ndefu isiyo na taa: mlango wa nyuma. Ulifungwa siku zote, kwa sababu ngazi zake za chuma zilikatwa zamani zikauzwa, na ng'ambo yake hapakuwa na kitu ila hewa. Kidoti aliweka mshumaa mmoja mpya kwenye ukingo wa ukuta hapo, lebo ikitazama mlango.

"Haya, na wewe ukitaka karibu," aliutania mlango, akarudi zake.

Siku ya kwanza ya mauzo ukumbi ulijaa watu, jasho na kelele. Kidoti alivaa gauni la kijani alilokatiwa na mama yake, aproni nyeupe juu, nywele amezibana. Mbele ya meza yake akasimama kijana mrefu mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi, kwenye masikio, mpaka kwenye kope. Viatu vyake vilikuwa vikubwa, vinagonga sakafu kama vinapigana nayo.

"Dada, mshumaa huu ukizimika katikati, unawaka tena?"

"Inategemea nani kauzima."

"Nikiuzima mimi?"

"Wewe utauchafua kwanza. Umetoka kuzikwa wapi?"

Watu wa meza ya jirani walicheka. Kijana akajipangusa uso, akazidisha uchafu. "Karakana ya seremala, mtaa wa pili. Mimi ni fundi, japo bosi wangu bado hajakubali."

Alinunua mmoja tu, akausoma mgongoni. "Namba hii ni ya malalamiko?"

"Ya malalamiko tu."

"Basi jiandae. Mimi ni mtu wa kulalamika sana."

Jioni ile simu ikaita. "Nalalamika. Mshumaa wako unanikumbusha mtu, nashindwa kula."

Hivyo ndivyo Vumbi alivyoingia. Kidoti alihifadhi jina hilo kwenye simu, na kila jua lilipozama aliketi dirishani akiongea naye huku cherehani ya mama ikinguruma chumba cha pili.

"Nimeuwasha," Vumbi alikuwa akisema. "Nauwasha tukianza kuongea, nauzima tukimaliza. Ila unapungua, Kidoti. Umebaki kama kidole gumba. Ukiisha nitafanyaje?"

"Utanunua mwingine, mpenzi. Ndiyo biashara yenyewe."

"Unaona? Nampenda mtu, yeye anafanya hesabu ya faida."

Cherehani ilinyamaza. "Unaongea na nani?" mama aliuliza kupitia ukutani.

"Mteja, mama!"

"Mteja gani anachekewa hivyo?"

Vumbi alimwonya kwamba simu yake inazima ovyo, betri imevimba. "Ukinikosa hewani, usikasirike. Nitaazima ya mtu." Kwa hiyo jioni moja, karibu na siku ya pili ya mauzo, ilipoita simu isiyoonyesha namba, Kidoti hakushtuka. Aliipokea kwa kicheko.

"Vumbi! Leo umeazima ya nani?"

"Kidoti." Sauti ilikuwa yake. Yake kabisa, ila imepoa, kama chai iliyosahauliwa. Nyuma yake hapakuwa na msumeno wala redio ya bosi. Palikuwa na mvumo tu, kama mtu aliyesimama mahali pa juu penye upepo.

"Mbona sauti hivyo? Unaumwa?"

"Mshumaa wako ni mzuri. Haupungui."

Kidoti alikaa wima. Mishumaa yake aliijua. Hakuna hata mmoja usiopungua. "Si umeniambia umebaki kama kidole?"

"Haupungui," sauti ilirudia. "Ukizimika katikati, unawaka tena?"

"Acha mchezo, Vumbi."

"Vumbi ni nani?"

Moyo ulimruka, kisha hasira ikauwahi. Kumbe ndivyo alivyo. Leo mpenzi, kesho hakujui.

"Siku ya mauzo," sauti ilisema polepole, "njoo mlango wa nyuma. Peke yako."

Simu ikakatika. Kidoti alimpigia Vumbi papo hapo; hapatikani. Asubuhi hapatikani. Akamwandikia: *Kama ulikuwa unanichezea, umeshinda. Usinipigie tena.* Kwa mama yake hakusema neno. Angeanza vipi, na mama mwenyewe alikuwa anangoja tu aambiwe?

Siku ya pili ya mauzo alivaa gauni lilelile la kijani, maana lile jipya aliloshonewa na mama yake kwa siku hiyo lilikuwa la kuvaliwa na mtu mwenye furaha. Watu walijaa kama mwanzo. Kidoti alikuwa anafunga mishumaa ya bibi mmoja alipoona vidole vyeupe vimewekwa ukingoni mwa meza.

Alikuwa yeye. Urefu ule, macho yale. Lakini shati lilikuwa safi, limefungwa vifungo mpaka kooni, na kwenye nyusi hapakuwa na chembe ya vumbi. Katikati ya watu wote wale wanaosukumana, hakuna aliyemgusa.

"Dada, mshumaa huu ukizimika katikati, unawaka tena?"

"Huna aibu?" Kidoti alinong'ona, machozi yakimlenga. "Unakuja mbele za watu kama hunijui?"

Kijana aligeuka, akaelekea korido. Miguu yake haikutoa sauti. Kidoti aliliona hilo, lakini mtu aliyeumizwa na mpenzi wake huona mambo mengi na asiyajali. Alimwachia mwenzake meza, akamfuata.

Korido ilikuwa baridi. Kelele za ukumbini zilizimika nyuma yake kama zimefunikwa blanketi. Mwisho wa korido, mlango wa nyuma ulikuwa wazi kidogo, ufa wa mwanga mweupe ukisimama wima. Yeye alikuwa amesimama kando yake, mshumaa mkononi.

"Nataka uniambie ukweli tu," Kidoti alisema. "Ulinipenda au hukunipenda?"

"Njoo nikuonyeshe."

"Unionyeshe nini?"

"Vua aproni kwanza. Itundike hapo kwenye kitasa. Huku hatufanyi kazi."

Alisema kwa upole, na upole ule ndio uliomvuta. Vidole vya Kidoti vilikwenda mgongoni vyenyewe, vikaanza kufungua kamba. Hapo macho yake yakaangukia ule mshumaa. Lebo ilikuwa mwandiko wake. Nta ilikuwa laini, haina hata tone lililotiririka. Na utambi ulikuwa mweupe.

Utambi ukiwaka mara moja tu, huwa mweusi. Hilo alilijua kuliko alivyojua jina lake.

"Huu haujawahi kuwashwa," alisema. "Huu ni ule wa sampuli. Niliuweka hapa mimi."

Simu ikaita mfukoni. Kwenye kioo: *Vumbi*.

Aliyekuwa mbele yake hakuwa na simu mkononi. Kwa mara ya kwanza uso wake ulibadilika.

"Usipokee," alisema.

Kidoti alipokea.

"Kidoti! Usikate, nakuomba usikate!" Nyuma ya sauti palikuwa na watu, honi, mtu anayegombana. "Simu ilikufa kabisa, nimenunua betri leo, ndiyo naona ujumbe wako. Nani kakuchezea? Niko chini mlango mkuu, foleni haisogei. Mshumaa umeisha, lakini nimekuja na kipande chake. Uko wapi?"

"Vumbi," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto mdogo. "Niko mlango wa nyuma. Na wewe uko hapa."

Foleni ya chini ilisikika ikipiga kelele, mtu kasukumwa. Kisha vile viatu vikubwa, vikigonga ngazi, vikipanda, vikipanda, mpaka Kidoti akavisikia kwenye simu na kwenye sakafu kwa pamoja. Mlango wa nyuma ukafunguka wote kwa upepo. Ng'ambo yake hewa tupu, na chini kabisa vyuma vilivyokatwa vimesimama. Ukingoni mwa ukuta, mshumaa mweupe ulikuwa umekaa kama alivyouacha. Hapakuwa na mtu mwingine.

Vumbi alifika, akamdaka. Alinuka mbao na jasho. Alipiga chafya kwenye nywele zake, na Kidoti, katikati ya kulia, akacheka.

Mwalimu wa Biashara alikuja mbio, akautazama mlango, akajipapasa. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwake.

"Mwalimu," Kidoti alimwuliza, "yule binti wa sabuni, alikuaga?"

Mwalimu aliilegeza tai. "Alinitumia ujumbe. Kwa simu. Kwamba kapata kazi." Mlango ule ukajengewa matofali wiki ileile.

Jioni hiyo Kidoti alimpeleka Vumbi nyumbani. Alimweleza mama yake yote, hata yale ya aibu. Mshonaji alisikiliza bila kukatiza. Halafu akainuka, akamtazama kijana juu mpaka chini, akamnusa bega. Kisha, haraka kama anavyotia uzi kwenye sindano, akamchoma pini mkononi.

"Aaah! Mama!"

Damu ikachungulia, tone jekundu. Mshonaji akashusha pumzi. "Haya. Karibu ndani, mwanangu. Vua hivyo viatu, utanivunjia sakafu."

Vumbi alitoa kitambaa mfukoni. Ndani mlikuwa na kipande cha nta iliyoganda na utambi mweusi. Kwenye mfuko mwingine kulikuwa na kinara cha mbao alichokichonga mwenyewe, chenye matundu mawili.

"Nimejaribu kuchonga cha mshumaa mmoja," alimwambia Kidoti, uso chini kwa sababu ya mama. "Mkono umekataa. Wewe unayeyusha, mimi nachonga. Tuanze karakana yetu. Na mengine… mengine nitaleta wazee wangu waje waseme."

"Bajeti yake umepanga?"

"Kidoti!"

"Nauliza tu, mume wangu mtarajiwa."

Mama alirudi kwenye cherehani, akajifanya uzi umekatika ili apate kufuta macho. Laini ile ya simu waliitoa kesho yake, wakaivunja. Lakini mama mwenye mtoto hatulii kwa jambo moja kwisha, na mabinti wa mwaka huu wameshaanza kuyeyusha, kusaga na kubandika lebo. Basi wayashike haya:

Usiandike namba ya nyumbani kwenye bidhaa. Nunua laini ya biashara, hata kama utambi utapungua.

Usiache sampuli kwenye mlango usiofunguliwa.

Usimwalike usiyemwona, hata kwa utani.

Usiiache meza yako kumfuata mteja. Mwenye shida atakuja mbele.

Usiamini sauti kwa sababu unaipenda. Sikiliza kilicho nyuma yake.

Usimpende asiye na vumbi la kazi yake.

Usivue aproni kwa kuambiwa.

Usimfiche mama yako.

Ukiambiwa usipokee simu, pokea.

Na ukiokota mshumaa mpya wenye utambi mweupe, usiipigie namba iliyo kwenye lebo. Laini ile ilivunjwa, na bado kuna anayepokea.