Haukuwa Uzito wa Mama

Mshona mapazia alikuwa na gari dogo la zamani. Siku za kazi alibebea mapazia ya wateja. Jumapili alimpeleka mama yake kumwona Mama Mkubwa, dada wa huyo mama, upande wa pili wa mji. Mama alikaa nyuma kushoto. Wajukuu walibanana kulia kwake. Mkwewe alikaa mbele.

Mama alizingoja Jumapili hizo wiki nzima. Dada yake alikuwa hasikii vizuri, na kwenye simu hawakuelewana. Mmoja aliuliza habari za mguu, mwingine akajibu habari za mvua.

"Simu ni ya watu wenye haraka," Mama alisema. "Sisi tunataka kuonana."

Mwaka ule mshona mapazia alinunua kwa rafiki yake matairi pamoja na rimu zake. Yalikuwa meusi na mapana, yametoka kwenye gari kubwa kuliko lake. Aliyapapasa kama mtu anayepapasa ng'ombe mnono.

"Yameshiba," alisema.

"Yanafaa gari letu?" mkewe aliuliza.

"Yameingia, nati zimekaza. Unataka nini tena?"

Jumapili iliyofuata gari lilivuka tuta la kwanza barabarani. Nyuma ikasikika sauti ya kukwaruza, kama mtu anayekwangua ukoko wa sufuria.

"Nini hicho?" mke aliuliza.

"Ni upande wa Mama." Mshona mapazia akacheka. "Mama, siku hizi unakula nini?"

"Nakula mnachonipa. Punguzeni."

Wote wakacheka, na Mama akacheka nao.

Mshona mapazia hakuwa mtu mbaya. Aliona kwamba gari likiwa tupu halikwaruzi, na Mama akipanda linakwaruza. Wengi wetu tungefikiri kama yeye. Basi akabuni dawa. Kila walipokaribia tuta aliita, "Tuta!" Hapo Mama alishika mshikio ulio juu ya dirisha, akajinyanyua kitini mpaka gari livuke. Wajukuu waliupenda sana mchezo huo. Wakawa wanaita hata pasipo na tuta, na Bibi akajinyanyua bure.

Sauti haikuisha. Mshona mapazia akaweka mfuko wa mchanga kwenye buti, upande wa kulia, ili uzito wa Mama upate mwenzake. Gari likazidi kushuka. Sasa likakwaruza pande zote mbili.

"Si mlisema ni mimi?" Mama aliuliza. "Huko kulia nimekaa saa ngapi?"

"Uzito wako unatembea, Mama," mwanawe alijibu.

Siku hiyo Mama alitabasamu tu.

Jumapili moja alisema goti linamuuma. Nyingine alisema atabaki kuangalia nyumba. "Nendeni nyie. Mnisalimie Dada."

Mkwewe aliingia chumbani kumuaga. Alimkuta Mama amekaa kitandani. Amevaa gauni lake la kutokea, na viatu vimepangwa sakafuni.

"Mama, mbona umevaa na huendi?"

"Nilitaka kuona kama bado linanitosha."

Mke alimwambia mumewe, "Mzaha wenu umemchoma Mama."

"Namjua mama yangu. Angechukia, angesema."

Mke akaenda kuwavalisha watoto viatu. Baadaye alijuta. Alikuwa ameliona gauni, na hakusema habari zake.

Huko walikokwenda, dada mtu aliuliza kila mara, "Mdogo wangu yuko wapi?"

"Goti, Mama Mkubwa."

"Hilo goti lipoe. Mwambieni namngoja."

Miezi ikapita hivyo.

Kisha mshona mapazia akapata kazi ya mapazia ya ukumbi, yale mazito yenye bitana. Aliyapakia mpaka kioo cha nyuma kikazibwa. Alikuwa peke yake garini. Kwenye tuta la kwanza gari lilikwaruza kuliko siku zote. Kwenye la pili alisikia harufu ya mpira unaoungua. Akasimama kwenye karakana ya jirani yake, fundi bodi. Watu walimwita Taratibu, kwa kuwa neno hilo alilitumia kila wakati.

Taratibu hakushika chombo chochote. Aliuliza kwanza.

"Limeanza lini kukwaruza?"

"Tangu Mama alipoanza kunenepa."

"Leo Mama yumo?"

"Hayumo."

"Basi tumtoe Mama kwenye kesi hii."

Mshona mapazia alitaka kucheka. Hakuweza.

Taratibu alipandisha gari kwa jeki, akafungua tairi la nyuma. Kwenye bega la tairi palikuwa na mfereji uliochimbika kulizunguka lote.

"Sasa pitisha kidole huku ndani ya madigadi, hili bati linalofunika tairi. Taratibu, panakata."

Mshona mapazia akapapasa. Ukingo wa bati ulikuwa umekunjwa kuelekea ndani. Rangi yake ilikuwa imekwisha, bati linang'aa kama kisu kilichonolewa.

"Tairi la kipimo cha gari hili linacheza humu bila kugusa ukingo," Taratibu alieleza. "Haya yako ni mapana, na rimu zake zimetokeza nje. Ukipakia mzigo, bodi inashuka na ukingo unakula tairi. Mzigo wowote. Mapazia, mchanga, hata mimi na shemeji zangu."

"Kwa hiyo ule mchanga..."

"Mchanga gani?"

Mshona mapazia akamweleza. Taratibu alikuna kidevu. Alifungua mlango wa dereva, akaonyesha karatasi ndogo iliyobandikwa kwenye fremu. "Kipimo cha tairi kimeandikwa hapa. Kilinganishe na namba zilizo ubavuni mwa tairi. Unaona? Havifanani."

"Miaka yote nilidhani ni tangazo."

"Wengi hudhani hivyo. Lakini tairi lililoliwa hivi halikutumii salamu. Linapasuka mko mwendoni, na watoto wamo. Haya ya nyuma hayafai tena. Tafuta ya kipimo chake."

"Na ukingo? Ugonge kwa nyundo tumalize."

"Nyundo itapasua rangi, na kutu itaingia. Kuukata ni vibaya zaidi, maana hapo ndipo mabati mawili yanaposhikana. Springi nimeziangalia, ni nzima. Zingekuwa zimechoka, tungeanza na hizo. Rimu zako bado zitatokeza nje, kwa hiyo ukingo nitaukunja ulale kabisa. Niletee gari Jumamosi. Mpaka hapo usibebe kitu."

Jioni mshona mapazia alimkuta mama yake akikunja nguo.

"Mama, leo gari limekwaruza, na wewe hukuwemo."

"Pole. Limeharibika sana?"

"Hukuwa wewe, Mama. Ni matairi niliyoyaweka mimi. Nisamehe."

Mama alinyoosha ukosi wa shati, akaliweka juu ya mengine.

"Mimi sikukasirika, mwanangu. Niliona tu nisikuharibie gari. Ndilo linalotulisha."

Mwanawe akaketi kando yake.

"Jumapili nitakupeleka kwa Mama Mkubwa," alisema.

"Nitakwenda," Mama alisema. Akachukua shati jingine.

Lakini Ijumaa simu ilipigwa na jirani wa Mama Mkubwa. Mama Mkubwa alikuwa amepata kiharusi. Upande mmoja wa mwili ulikuwa umelala, na usemi umeondoka. Wakakodi gari, wakaenda hospitali wote.

Mama aliinama juu ya kitanda. "Dada, nimekuja."

Dada mtu alimtazama muda mrefu. Mdomo ulifunguka upande mmoja. Hakikutoka kitu.

Njiani kurudi, Mama alikuwa akitazama dirishani. "Kumbe wakati wote huo nilikuwa naangalia nyumba," alisema.

Jumamosi mshona mapazia alipeleka gari hata hivyo. Taratibu alifunga kifaa chenye gurudumu gumu mahali pa tairi. Alipuliza hewa ya moto kwenye ukingo mpaka rangi ikalainika. Ndipo akaanza kupitisha gurudumu, mbele na nyuma, akiliongeza nguvu kidogo kidogo. Kila mara alipasha rangi tena. Ukingo ukalala polepole, kama pindo la pazia chini ya pasi. Mshona mapazia aliielewa kazi hiyo kuliko alivyotarajia.

Palipobaki bati tupu, Taratibu alipaka rangi ya kuzuia kutu. Matairi ya kipimo yakafungwa. Mwisho akapaka chaki ukingoni, akawaita vijana wa karakana waingie, wakazunguka barabara yenye matuta. Waliporudi alichungulia. Chaki ilikuwa palepale, na matairi hayakuwa na doa jeupe.

"Limepona," Taratibu alisema. "Na mgonjwa wenu?"

"Hasemi."

"Taratibu," alisema fundi. Safari hii alilisema neno hilo kwa sauti ya chini.

Mama Mkubwa aliporuhusiwa kutoka hospitali, muuguzi alisema aletwe mazoezini kila wiki, na watu waongee naye hata kama hajibu. Kazi ya kumpeleka ikawa ya mshona mapazia. Nyuma walikaa wazee wawili, bega kwa bega, na mkongojo katikati yao. Gari lilivuka matuta bila sauti.

Mama aliongea kwa niaba ya wote wawili. Alisimulia habari za goti, habari za mvua, habari za watu waliocheza nao utotoni. Dada yake alimsikiliza, akimbana kidole kwa mkono wake usiopooza.

Siku moja Mama Mkubwa aligeuka, akafungua mdomo. Sauti ikatoka bila neno. Akajaribu tena, uso ukimkunjamana kwa juhudi.

Mshona mapazia aliona kwenye kioo. Akasogeza gari pembeni, akazima injini.

"Tuna nafasi, Mama Mkubwa," alisema.

Wakangoja, wote watatu. Neno halikuja siku hiyo. Walikaa pale mpaka yeye mwenyewe alipoinua mkono kuonyesha twende.