Hodi ya Saa Kumi na Mbili na Dakika Ishirini

Kisomangozi kilihitaji sekunde nne. Kasuku aliwekwa juu ya kioo chenye ujoto wa mwili, mwanga wa kijani ukapita chini yake mara moja, na ukutani ikatokea picha ya ngozi yake yote, imetandazwa kama ramani. Kila kishimo cha unyoya kilikuwa na nukta yake. Nukta nyeupe ilimaanisha unyoya upo, nyekundu ilimaanisha umeng'olewa. Kichwa kilikuwa cheupe chote. Kifua, mapaja na chini ya mbawa kulikuwa kwekundu.

"Anajing'oa mwenyewe," alisema daktari wa wanyama, Jovitha Ishengoma. "Ungekuwa ugonjwa wa manyoya, kichwa nacho kingepukutika. Kichwani ndipo mdomo wake usipofika."

Mwenye kasuku, Mzee Projestus Kaijage, alikuwa mhandisi mstaafu wa mitambo ya maji mjini Bukoba. Kasuku aliitwa Diwani. Jina hilo alipewa na Domitila, marehemu mke wa mzee, kwa sababu alisema sana na hakuwahi kujenga hata daraja moja.

Daktari aliuliza maswali yake kwa mpangilio. Chakula? Alizeti na karanga, basi. Alizipiga marufuku, akaagiza mboga za majani, papai na maharage yaliyochemshwa. Hewa ya nyumbani? Mzee alikuwa na kipoza hewa kinachofanya kazi mchana kutwa, na hewa kavu huwasha ngozi ya ndege wa msituni, hivyo ndege anyunyiziwe maji ya vuguvugu kila asubuhi. Nyaya za tundu zilikuwa na zinki, lakini damu haikuonyesha sumu. Utitiri haukuwepo, wala ukungu. Kulikuwa na kitu kinachong'aa kifuani, na mzee alikiri kwamba alimpaka vaselini.

"Mzee wangu, huyu si mtoto mchanga," daktari alisema. "Mafuta yanagandisha manyoya yaliyobaki, ndege anashindwa kuhifadhi joto."

Mzee aliuliza kama atapona. Daktari hakuwa na desturi ya kupamba jibu. Alisema Diwani ameshafika kwenye nyama, na akiendelea hivyo, vijidudu vitaingia kwenye damu. Alimpa miezi miwili.

"Ndiye pekee aliyebaki anayemfahamu Domitila kama mimi," alisema mzee. "Fanya unaloweza, mwanangu."

Baada ya siku ishirini na moja walirudi. Ngozi ilikuwa laini zaidi na wekundu wa muwasho ulikuwa umepungua, lakini nukta nyekundu zilikuwa zimeongezeka themanini na saba. Daktari alizitazama kwa muda. Kisha akatumia uwezo wa mashine ambao waganga wengi wa wanyama hawakuuhitaji: kwa kupima joto la kidonda na hatua ya kuganda kwa damu, kisomangozi kiliweza kutaja umri wa jeraha, kikikosea kwa dakika kumi tu. Aliyapanga majeraha kwa umri wake. Yalijikusanya katika mafungu, fungu moja kwa kila siku, yote kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni.

"Utitiri hauangalii saa," alisema. "Kuna nini nyumbani kwako jioni?"

Mzee alijibu kwamba hakuna kitu. Wakati huo huwa anamenya ndizi, na Diwani yupo kwenye kijiti chake sebuleni. Daktari alisema atakuja kujionea.

Alifika kesho yake, saa kumi na mbili na dakika kumi. Alikaa kwenye kiti cha pembeni, akaomba mzee aendelee na shughuli zake. Diwani alikuwa mtulivu. Dakika kumi baadaye, kwenye kipaza sauti kilicho juu ya mlango, ilisikika sauti ya mwanamke, imechoka kidogo, yenye kicheko kwa mbali.

"Hodi wenyewe."

Mzee, akiwa jikoni, alitabasamu bila kuinua macho.

"Karibu, pita ndani," alisema Diwani.

Daktari aliitambua mara moja. Miaka hiyo nyumba nyingi za mji zilikuwa na sautibaki. Mtunzanyumba, yaani mtambo unaoendesha taa na milango, hurekodi sauti za wakazi kwa miaka. Mmoja wao akifariki, sautibaki huchukua rekodi hizo na kuyarudia maneno yake ya kila siku kwa saa zake zilezile, ikibadilisha kidogo mkazo na kituo ili sikio lisichoke. Haizungumzi na mtu. Inamfanya tu marehemu aendelee kupita nyumbani.

Diwani alikuwa ametambaa hadi mwisho wa kijiti, upande wa mlango. Aliinamisha kichwa na kuvimbisha manyoya ya shingo, kama afanyavyo kasuku anayetaka kukunwa. Alikaa hivyo. Mlango haukufunguka. Aliita tena, "Karibu, pita ndani," mara mbili, ya pili kwa sauti ya juu. Kwa saa ya daktari zilipita dakika kumi na moja. Kisha ndege akainua bawa, akaingiza mdomo chini yake, akang'oa.

Mzee alisimama kwenye mlango wa jikoni, kisu mkononi. Huwa hatazami, alisema. Akishaisikia hodi, hurudi kwenye ndizi zake.

Daktari alimuuliza sautibaki iliwekwa lini. Juni. Domitila alifariki Machi. Picha ambazo mzee mwenyewe alizileta zahanati zilionyesha kwamba Aprili na Mei Diwani alikuwa na manyoya yote.

"Nilidhani ni msiba," alisema mzee.

"Msiba aliuvumilia. Kasuku huishi kwa kuitana. Mmoja akiita, mwingine anajibu, na aliyeita anatokea. Wewe ulizika, mzee. Yeye kila jioni anaambiwa mama amefika mlangoni."

"Nikiizima, nitakuwa nimemtoa nyumbani kwake."

"Usipoizima, utampoteza Diwani. Sina dawa nyingine."

Mzee aliizima usiku huo, akaiwasha siku ya tatu. Akaizima tena, ikakaa siku tano. Mara ya tatu alimpigia simu daktari, akamweleza kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa ya kazi kwamba ameifuta kabisa pamoja na rekodi zake, kwa sababu kama zingekuwepo angeziwasha. Daktari alimwambia amefanya sawa. Kwa vipimo vyote alivyokuwa navyo, ilikuwa kweli.

Wiki ya sita manyoya machanga laini ya kijivu yalionekana kifuani. Baada ya miezi minne Mzee Kaijage alimleta Diwani kwa kipimo cha mwisho, alasiri yenye joto, yeye amevaa shati la mikono mirefu lililofungwa vifungo vyote. Alimweka ndege juu ya kioo na, kwa kuwa Diwani alikuwa na wasiwasi, akaacha mkono wake wa kushoto karibu naye. Mkono wa shati ulipanda kidogo. Mwanga wa kijani ulipita.

Ukutani zilitokea picha mbili.

Ya kwanza ilikuwa nyeupe karibu yote. Vishimo mia mbili na kumi na viwili vilikuwa vimekufa, havingeotesha unyoya tena, lakini ndege alikuwa mzima. Ya pili ilikuwa ya ngozi isiyo na manyoya, kuanzia kifundo cha mkono kwenda juu, yenye mistari myekundu. Chini yake mashine iliandika kama ilivyofundishwa: majeraha ya kujikwaruza, fungu moja kwa kila siku, saa kumi na mbili na nusu hadi saa moja jioni.

Daktari aliisoma mara mbili. Mzee alivuta mkono wa shati.

"Siku hizi anaisema yeye," alisema. "Diwani. Hodi wenyewe, kwa sauti yake Domitila kabisa, hata kile kicheko."

"Nawe unafanya nini?"

"Namwambia karibu. Mtu akibisha hodi utamkalia kimya? Halafu natazama mlango."

Daktari aliitazama tena picha ya pili. Tiba aliijua. Aliwahi kuiandika, na ushahidi kwamba inafanya kazi ulikuwa umesimama juu ya kioo, ukijipangusa bawa.

"Usiniambie nimtoe," alisema mzee.

Hakumwambia. Aliandika dawa ya kupaka, mara mbili kwa siku, huku akijua kwamba haitafika kwenye chanzo. Mzee alishukuru, akamrudisha Diwani kwenye tundu, akauliza ni saa ngapi. Ilikuwa saa kumi na moja na nusu. Alianza kufunga tundu kwa haraka, kishikizo kikimponyoka, kwa sababu njia ilikuwa ndefu na alitaka awe ameshafika nyumbani kabla ya saa ya hodi.